Sentensi Nilizomfutia Nasra

Mdogo wangu Raya,

Asalaam alaykum. Vipi hali yako, vipi hilo goti, na Tibirinzi mmeamkaje? Huku bara mie mwili mzima, Alhamdulillahi, ila moyo hauna pa kukaa. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa nikisema kwenye simu Nasra atanisikia. Chumba chetu ni kimoja.

Unamjua mwanangu alivyo. Ofisi nzima hapana mwengine aliyepewa kazi ile. Hospitali moja ya huko kwetu ilitaka mtu aandike shida yake kwenye simu kama anavyosema, na kompyuta yenyewe imwandikishe kwa daktari. Nasra ana programu kwenye laptopu. Anaipa maelezo ya API, yaani maandishi ya hospitali yanayosema kipi kinaweza kufanywa na kila kimoja kinadai nini: jina la mgonjwa, siku, daktari. Programu inatunga sentensi za mfano, na modeli, yaani hiyo akili ya kompyuta itakayomsoma mgonjwa, inajifunza humo. Nani hapo mtaani mwenye mtoto anayesomesha mashine? Nitajie!

Akaniambia, "Mama, nikagulie hizi. Wewe ndiye unayejua watu wa kwetu wanavyosema." Mie wa darasa la saba! Basi nikasoma. "Mume wangu Juma Hamad anaumwa." Raya, mwanamke gani wa Pemba mwenye adabu humtaja mumewe jina kavu hivyo? Nikafuta. Nikaweka, "Baba Asha ana homa." Na pale chini ya kila sentensi pa kujaza jina la mgonjwa nikaona Juma hayumo tena kwenye sentensi, nikamweka Asha, na pa daktari nikaweka wa watoto. Siku tatu nafuta na kuandika, najisifu peke yangu.

Siku ya kuwaonyesha wenyewe, bibi mmoja wa hospitali akaandika, "Baba Salma kifua kinambana, nataka aonwe leo." Modeli ikamwandikisha Salma, tena kwa daktari wa watoto. Akajaribu majina mengine, vile vile. Mkuu wa hospitali akamwambia Nasra mbele za watu, "Dada, mtu atafia kwenye foleni ya watoto." Ofisini kaambiwa akae nyumbani. Akiliona kosa kabla ya Jumatatu watamsikiliza, asipoliona, asirudi.

Tangu hapo hali chakula. Anayasoma maelezo ya API mstari kwa mstari, anaifuta programu, anaiweka upya. Jana mwenzake kampigia, nikasikia anamuuliza, "Sentensi je, umeziangalia?"

"Hizo hazina kosa," Nasra akamjibu. "Kazikagua mama."

Mara mbili nimeinuka nimwambie kuwa Asha nilimweka mie, mara mbili nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Siogopi kutukanwa, mwanangu hajui kutukana. Naogopa atakavyonyamaza.

Mfikishie salamu mama mkwe wako, na kaka yetu wa Makangale, na jirani aliyenishonea baibui la safari. Wakiuliza habari za Nasra, sema ana kazi nyingi. Si uongo mkubwa.

Dada yako akupendaye,
Maryam

Ananiita sasa hivi. Programu imetunga sentensi nyengine, anataka nizikague, kasema hamwamini mtu mwengine. Naenda, Raya, na leo namwambia. Ukiniona nimerudi Pemba mapema, usiniulize mbele za watu.