Hodi Kwa Nyumba Tupu

Kitale, Jumatano usiku

Na bado ile sauti. Tumerudi kutoka Pwani, nimeoga, nimeomba, lakini bado naisikia.

Kesho lazima tuseme tunanunua nyumba gani, maana shamba la Chwele tumeshauza na hakuna kurudi nyuma. Tumeona mbili, moja Diani na moja Kilifi, na mitaa yote miwili ina geti na walinzi. Nyumba ya Diani ni kubwa. Ya Kilifi ni ndogo, ila ina upepo mzuri.

Kule Kilifi, dada wa mauzo alipofungua mlango niliita "Hodi!" kwa mazoea tu. Nyumba ni mpya, hata rangi ilikuwa bado inanuka. Sauti ya mama mzee ikaitika kutoka chumba cha nyuma, polepole: "Karibuni, wanangu."

"Umesikia, Baba Nekesa?" nikamuuliza mume wangu.

"Nisikie nini? Wewe na hodi zako, bana. Ati unapigia saruji hodi!"

Yule dada akacheka. "Mama, humu hajawahi kulala mtu." Tukazunguka vyumba vyote. Hakukuwa na mtu.

Diani niliita tena, makusudi. Kimya. Nikamshukuru Mungu, nikajua hapo ndipo kwetu.

Sasa hivi, kabla hajalala, Baba Nekesa amesema tuchukue ya Kilifi. Nikamuuliza, si ya Diani ndiyo kubwa?

Amegeukia ukuta. "Kule angalau tulikaribishwa."

Ee Yesu. Mimi sikuwa nimemwambia ile sauti ilisema nini.