Shemeji Yako na Helmeti Yake

Kaka Saidi, shikamoo. Huku Ruangwa jua linachoma, na mimi nacheka peke yangu.

Shemeji yako, aliyeiita pikipiki yako ya kubebea korosho mkweche, alinipakia kwenye lile pikipiki lake la mashindano twende kwa mama yake Matambarale. Lilinguruma njia nzima, kisha likazama mchangani, haliendi mbele wala nyuma. Bwana mkubwa akaanza kulipangusa vumbi kwa kanga yangu! Tukaliacha, tukamalizia safari mshikaki, watu watatu kwenye bodaboda moja, yeye kampakata mbuzi wa dereva. Alishusha kioo cha helmeti ili asijulikane. Kijiji kizima hakuna mwingine mwenye helmeti.

Msalimie wifi. Jumapili njoo na mkweche wako unichukue huku kwa mama mkwe. Yeye atarudi na helmeti yake.

Mdogo wako, Zuhura