Maneno ya Mama Yamerudi na Rangi Yake

Jumamosi, Novemba

Dodoma leo ni vumbi na upepo. Mawingu yalikusanyika upande wa Chamwino tangu alfajiri, yakatutia tamaa, kisha yakatawanyika. Nimechoka, na nina hatia kidogo. Niandike tu.

Mama amekuja kutoka kijijini kwetu Mvumi kwa gari la kwanza. Amekuja kwa ajili ya dada Yunisi, ambaye yuko Uholanzi mwaka wa tatu sasa anasoma. Kila Jumamosi mimi na Yunisi tunakutana ndani ya kompyuta moja kubwa ya chuo chake. Mimi naingia kutoka kwenye hii intaneti kafe ninayoisimamia, yeye anaingia kutoka chumbani kwake. Tunatumia programu iitwayo screen: mtandao wetu ukikatika, na hukatika sana, ukurasa unabaki wazi kule kule, na watu wawili wanaweza kuuona na kuuandika kwa pamoja.

Tunaandika maneno ya Kigogo na maana zake kwa Kiswahili. Yunisi alipanga rangi: Kigogo kijani, Kiswahili cheupe. Mama hakusoma shule, lakini akitazama kioo anajua yapi ni yake. "Ya kijani ni yangu," huwa anawaambia majirani.

Leo yote yalikuwa meupe.

Mafundi wa chuo walibadilisha programu katikati ya wiki. Nje ya screen rangi zilikuwepo. Nikiingia ndani, hakuna. Yunisi alikuwa ameniandikia kwamba ana saa moja tu, kuanzia saa nne yetu. Saa tatu na nusu Mama alikuwa ameshaketi kando yangu na kitenge chake kipya.

"Yangu yako wapi?" akauliza.

"Yapo, Mama. Nayatafuta."

Mambo ya namna hii alikuwa akiyatengeneza Yunisi. Mimi nilikuwa nikimtazama tu. Nilijaribu kukidanganya kihariri, programu tunayoandikia, kwa kukipa jina la terminali ya nje, yaani sehemu ya kuandikia amri iliyo nje ya screen. Rangi zikaja, lakini ukurasa ukavurugika, mistari ikapandana. Nikarudisha. Mwishowe nikaelewa: screen ilikuwa ikikiambia kihariri kwamba kiko kwenye terminali isiyojua rangi. Nikaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, term screen-256color, nikangoja.

Hakuna kilichobadilika.

Kumbe dirisha la screen lililofunguliwa zamani, kama ule ukurasa wetu, hubaki na mipangilio yake ya zamani. Ilinibidi nilifunge nifungue jingine. Na hapa nikiri: niliogopa. Dirisha lile alilifungua Yunisi mwenyewe, miezi mingi iliyopita, na sijawahi kulifunga. Siku nikimkumbuka sana naingia kulitazama tu, siandiki kitu. Nilijua faili limehifadhiwa na hakuna neno litakalopotea.

Nikalifunga.

Nilipofungua jipya, kijani kilijaa kioo chote. Mama akapiga makofi mara moja, wateja wakageuka.

Saa nne Yunisi akaingia. Maandishi yakaanza kujiandika yenyewe: Shikamoo Mama. Nikamsomea. "Marahaba, mwanangu," Mama akakijibu kioo, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya mto. Akaanza kutaja maneno, mimi nikiandika, Yunisi akirekebisha. Kisha Yunisi akauliza kile kibuyu kidogo cha kuchotea maji kinaitwaje.

Mama akanigeukia. "Amesahau? Alikuwa akikibeba kila siku." Akalitaja neno mara mbili, polepole, kama anayemfundisha mtoto.

Halafu akaniambia, "Muulize anarudi lini."

Nikaandika. Ukaja mstari mrefu, mweupe mtupu: *Mdogo wangu, nimepata kazi huku. Ni miaka miwili mingine. Sijui nimwambieje Mama.*

"Huo mweupe unasemaje?"

"Anasema kuna baridi kali."

Mama akautazama tena mstari ule, kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

"Baridi haiwi ndefu hivyo."

Nikamsomea kama ulivyo. Akafunga vizuri fundo la kitenge, kisha akasema, "Mwambie nimesikia. Mwambie ale vizuri." Nikaandika hivyo. Mtandao ukakatika kabla hatujaagana.

Nilimsindikiza stendi. Njiani alizungumzia mbegu, mvua iliyochelewa, na paa la jikoni lililolegea tangu baba alipofariki. Neno moja tu alisema kuhusu Yunisi, tena mguu ukiwa tayari kwenye ngazi ya gari: "Usinifiche tena."

Nimekuwa nikidhani ninayemkosa dada ni mimi peke yangu, kwa sababu ni mimi ninayekaa mbele ya kioo. Hivi mara ya mwisho nimelala Mvumi ilikuwa lini? Ni mwendo mfupi tu kutoka hapa, na siikumbuki.

Kesho nafunga kafe. Nitabeba misumari na nyundo, nikalitazame lile paa.