Viyoyozi vya Stoo

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kikohozi cha mtoto kimetulia. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umechafuka, na sababu utaiona.

Nilikwisha kukueleza kwamba ofisi yetu inaishauri serikali kama mafuta yachimbwe baharini, au tuanze kwa kubana matumizi ya umeme na kufunga paneli za jua. Mzee, mkuu wetu, anapenda visima. Ndipo akaja karani mwenzangu, binti tunayemwita Bi Swichi, maana hapiti mlangoni bila kuzima kitu. Dereva alimtania kwamba akilifikia jua, nalo atalizima. Alicheka tu, kisha akamwomba mzee mwezi wa majaribio: tufungue madirisha, tuzime viyoyozi, mita ya jengo iseme yenyewe. Alidai majengo yote ya serikali yakifanya hivyo, kisima cha kwanza hakitahitajika.

Mzee alikubali, tena akamwita binti "mwanangu" mbele yetu sote. Dada, mihtasari yake naiandika mimi, bila kosa, na bado huniita "wewe kijana". Tangu siku hiyo, kila mara binti alipoitwa ghorofani kwa mzee, nilihisi kama kuna mtu anakalia kiti changu.

Mwezi ulipokwisha, matumizi kwenye mita yalikuwa hayajashuka kwa kiasi cha kutajika. Mzee alisema basi, hizo ni ndoto za vijana, na bodi ikikaa leo mchana itapitisha uchimbaji. Binti alinijia mezani na karatasi zake, akasema polepole, "Kaka, wewe ndiye mtu makini humu ndani. Nionyeshe nilipokosea."

Nilizipitia mstari kwa mstari. Hakukosea popote.

Ufunguo wa stoo ya majalada, kule chini, ninao mimi peke yangu. Mle mna viyoyozi vikubwa vya zamani vinavyokula umeme kama moto wa nyasi. Siku ya kwanza ya majaribio niliviwasha vyote, nikafunga mlango. Vinanguruma mpaka sasa ninapokuandikia.

Naogopa, dada. Kazi hii uliniombea wewe, na aibu itakufika. Tena sitakuficha: nikifikiria mzee atakavyomwita binti "mwanangu" kwa mara ya pili, na safari hii kwa kinywa changu, roho inaniuma kuliko hofu yenyewe.

Kwa hiyo nitakwenda kuvizima, niitumbukize barua hii posta, ndipo nipande kwa mzee kabla bodi haijakaa. Najijua. Nisipokuambia wewe kwanza, nitaishia kurudi mezani kwangu na kuchonga penseli. Tafadhali usije kuniombea tena.

Msalimie sana shemeji, na mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba