Onyo Nililoliweka Mwishoni

Jumanne

Kosa la wengi ni kudhani kwamba ukurasa unaotangulia wanapotafuta kitu mtandaoni ndio wa kuaminika.

"Shikamoo, mzee, lakini leo umeniua!" Mama Rehema, fundi cherehani wa mtaa wa Gerezani, alinijia na kompyuta kuukuu aliyoifufua kwa kuiwekea programu huria, zile za bure. Vipimo vya wateja wake vyote vilivyokuwa humo vimefutika alipoiweka, na bibi harusi anataka gauni Jumamosi.

Hakusoma maelezo ya kufufua kompyuta kwenye blogu yangu. Alisoma nakala iliyoibwa, yenye jina langu, na ndiyo inayotangulia! Wezi wavivu wale walinakili hatua zote, wakaacha aya ya mwisho: hifadhi mafaili yako kwingine kwanza.

Lakini jambo la kufanywa kwanza nililiandika mwisho kwa nini? Maelezo yangu marefu haya, nani huyasoma hadi mwisho…

Leo hii, kabla ya kula: pandisha onyo liwe mstari wa kwanza.