Swali la Saba

Mjukuu wangu Zaituni,

Salamu kutoka Koboko. Bibi yako hajambo, mahindi yameota, na mjomba wako Rajabu bado anauza petroli ya madumu kando ya barabara ya Arua.

Fomu yako ya kupima hatari kwa wauza petroli imefika, na imenichosha. Swali la saba: "Je, unasikia harufu ya petroli kazini?" Nani aliandika hilo? Nimemsomea Rajabu, akajibu hapana, huku ananuka kama pipa.

Unauliza kama kazi hiyo iliniumiza ujanani. Tulivuta petroli kwa mdomo, kwa mpira, kutoka pipa hadi dumu. Ukimeza, unakunywa maziwa na kurudi kazini. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma. Baada ya mwezi sikusikia harufu tena, nikajisifu kwamba mwili umezoea. Lakini kila jioni mama alinizuia mlangoni: "Hiyo shati acha nje. Nyumba yote iko na harufu." Nilimwona mgomvi. Kumbe ni pua tu iliyozoea.

Basi msituulize sisi. Waulizeni wanaotufulia, na damu ipimwe hata kwa anayesema hasikii kitu. Anza na Rajabu, maana mimi hanisikilizi.

Fomu yangu nimejaza. Swali la saba niliandika hapana, kwa sababu kila asubuhi nakaa pale kwa Rajabu na sisikii chochote. Bibi yako alichukua kalamu, akakata, akaandika ndiyo.

Ni mimi babu yako, shati langu likiwa nje kwenye kamba.