Nilivyomng'olea Limi Seva Mbele ya Kamati

Ijumaa, Bariadi. Jua la leo halikuwa na adabu. Tangu saa tatu asubuhi vumbi linaingia chumbani bila hodi, na mimi bado nimevaa shati la kikao. Nikilivua itakuwa nimekubali kwamba kikao kimekwisha.

Kimekwisha. Nimeshindwa.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua sina mazoea na sentensi hiyo. Nimegombana hapa na wapima pamba, na wahubiri wawili, na kila anayesema vitabu vimepitwa na wakati. Wote niliwaacha hoi, au angalau mimi ndivyo nilivyoona.

Wiki tatu zilizopita niliandika makala niliyoiita "Utapeli wa Mashine Pepe". Nilimshambulia fundi wetu, Limi, mwanamke mpole kutoka Maswa ambaye hajawahi kunikosea kwa lolote isipokuwa kuwa na utulivu. Mwishoni nikaweka ahadi kwa herufi kubwa: siku seva itakapozimwa na mtandao ukabaki hai, nitajiuzulu ukatibu wa chama chetu cha mtandao na kumwomba Limi radhi hapa hapa.

Kwa asiyetujua, chama chetu kina minara minne ya antena: hapa mjini, Zagayu, Malampaka na Kiloleli. Antena zenyewe hazina akili. Zinapokea mawimbi na kuyarusha, basi. Kufikiri kote kulikuwa kunafanywa na seva moja iliyokaa ofisini kwetu nyuma ya soko. Mwezi uliopita mjusi aliingia ndani ya seva hiyo kutafuta joto, akakuta umeme. Walikufa pamoja. Kwa siku mbili minara minne ilisimama pale, mizima, mirefu, bubu.

Dawa yangu ilikuwa rahisi: tununue seva moja kubwa zaidi, tuizungushie wavu. Limi akasema hapana. Tuchukue mashine tatu za kawaida, na ile kazi ya seva tuifanye programu inayoishi ndani ya zote tatu bila kufungwa kwenye mashine yoyote. Mashine zinaambiana kila wakati zimefika wapi. Moja ikifa, zilizobaki zinashika kazi yake pale pale ilipoishia. Hiyo ndiyo seva pepe.

Mimi nimesoma sana, na hilo ndilo tatizo langu. Nimesoma habari za viwanda vilivyojengwa kwenye karatasi tu, na mashamba ambayo mwenyewe hawezi kukuonyesha mpaka. Fundi anaponiambia seva ipo, ila si hii, wala si ile, wala si ile pale, damu inanichemka.

Leo mashine tatu za Limi zilikuwa mezani ofisini kwetu, na ilikuwa siku ya jaribio. Nilidai nichomoe waya mwenyewe. Kabla ya hapo nilikusanya simu za wajumbe wote saba kwenye beseni, nikachungulia chini ya meza, nikasogeza kabati kutafuta seva iliyofichwa. Nilikuta buibui na risiti ya zamani. Ndipo Limi akampigia mdogo wangu Minza, muuguzi wa zahanati ya Zagayu, kwa mtandao wetu, sauti ikasikika chumba kizima.

"Mwangaluka, kaka," alinisalimu Minza. "Nasikia leo unajiuzulu."

"Endelea kuongea," nikamwambia. "Usinyamaze hata kidogo."

"Niongee nini?"

"Chochote!"

Akaanza kusimulia habari za paka wa zahanati. Nikachomoa waya wa mashine ya kwanza kwa nguvu ambayo haikuhitajika. Taa zake zikazimika. Paka akakatika katikati ya mkia, kama mtu anayemeza mate, kisha akaendelea.

Nikachomoa ya pili. Paka akameza mate tena, akaendelea kutafuna panya.

Hapa mtu mwenye busara angerudi kwenye kiti chake. Limi alifungua mdomo aniambie jambo, lakini mikono yangu ilikuwa myepesi kuliko mdomo wake. Nikachomoa ya tatu.

Kimya.

"Imekufa!" nikapiga kelele. Niliinua waya juu kama mtu aliyeua nyoka. "Ndugu wajumbe, mmeona! Imekufa!"

"Ndiyo, Katibu," alisema Limi. "Umezima zote."

Hakuna aliyecheka mara moja. Walinipa kwanza nafasi ya kuelewa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kisha mwenyekiti wetu, Mama Kwandu, mfugaji mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, akacheka mpaka akashika ukuta.

Limi alirudisha nyaya. Baada ya dakika chache Minza alikuwa hewani.

"Kaka, umechomoa na ya mwisho?"

"Nani amekwambia ni mimi?"

"Nimezaliwa baada yako. Sasa nikuulize. Ng'ombe wako wako wapi?"

Wajumbe wakanyamaza. Wasukuma wakisikia ng'ombe wanatajwa wananyamaza.

"Wanahusikaje?"

"Jibu."

Ikabidi nijibu. Wengine wako Malampaka kwa mjomba, wengine Kiloleli kwa rafiki yangu, wengine pale pale Zagayu kwa shemeji. Ndivyo alivyofanya baba, na ndivyo wanavyofanya watu wote waliokuwa mle chumbani: unaweka ng'ombe kwa watu mbalimbali, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiamke maskini.

"Sasa ukienda na panga kwenye mazizi yote matatu," alisema Minza, "jioni utaandika makala kwamba ufugaji ni utapeli?"

Mama Kwandu alilazimika kutoka nje kupumua.

Nilikuwa na majibu. Nina majibu siku zote. Lakini Minza hakuwa amemaliza, na sasa hakuwa anatania.

"Siku ile mjusi alipowaulia seva, nilikuwa na mama mwenye uchungu na mtoto aliyekaa vibaya. Nilimwacha na mhudumu nikapanda pikipiki mpaka barabara kuu, kutafuta mahali simu inashika, niite gari la wagonjwa. Wako wazima wote wawili. Ila wewe hukuniuliza, kaka. Ulikuwa unaandika."

Ni kweli. Nilikuwa kwenye aya ya tatu.

Nikasimama kujiuzulu. Hotuba ilikuwa tayari, ndefu, yenye uchungu, na ilitaja Roma ya kale. Nilifika "Ndugu wajumbe". Mama Kwandu akasema, "Tumepokea."

Kisha wakachagua makatibu wawili, ili mmoja akizimika mwingine aendelee. Wa kwanza ni Mbuke, mwalimu wa hesabu. Wa pili ni mimi. Kura za kunirudisha zilikuwa sita kati ya saba. Ya saba ilikuwa yangu. Nilikataa kwa heshima.

Niliandika maneno machache kwenye daftari la kikao, nikashindwa, nikatoka nje kununa. Nilinuna vizuri, nadhani robo saa, nikisubiri mtu aje kunibembeleza.

Hakuja mtu.

Niliporudi ajenda mbili zilikuwa zimepita. Mbuke alinisogezea daftari tu na kuniwekea kidole mahali walipofika. Ile sentensi niliyoiacha nusu alikuwa ameimalizia, na kwa maneno machache kuliko ningetumia mimi. Nikashika kalamu nikaendelea.

Limi, niwie radhi. Nilikuita tapeli kwa sababu ulijua kitu ambacho mimi nilikuwa sijakisoma. Makala ile siifuti. Ibaki hapo watu waione.

Jumapili nakwenda Zagayu. Minza amesema nikitaka atanisimulia zile siku mbili tangu mwanzo, kwa sharti moja, kwamba nisimkatize. Mtu ambaye miaka yote hii hajamwacha mwenzake amalize sentensi anaanzaje? Labda nianze na dakika tano, halafu nione kama bado niko mzima.